Je, wajua unavyoweza kuujua mbigili kabla haujakutoboa ndala?

Wengi wetu mbigili tunaujulia mguuni. Unatoka nje asubuhi na ndala zako, hatua mbili tatu tu, kuna kitu kimeng'ang'ania kwenye soli na kingine kimeshafika kisiginoni. Shida ni kwamba mpaka miba ionekane, huo mmea umeshakaa wiki kadhaa kwenye ukoka wako na ulikuwa unaupita tu.

Sasa inama uangalie. Mbigili hausimami, unalala chini, matawi yanatoka katikati yanasambaa kila upande kama spoku za baiskeli, mara nyingi yana wekundu flani na vinyweleo. Vijani ni vidogo vidogo, vimejipanga viwili viwili, na hapa ndo watu wanauchanganya na kifauongo. Ubishi huo unaisha kwa kidole: kifauongo ukikigusa kinajikunja hapo hapo, mbigili unakutazama tu. Ua lake la njano, petali tano, upana kama sentimita moja.

Na mbona mwiba kila ukiukuta umesimama? Tunda likikauka linapasuka vipande vitano, kila kipande kina miba miwili mirefu na mingine mifupi, kwa hiyo kianguke kiangukavyo, mingine inakalia chini na mmoja unatazama juu unakusubiri. Wagiriki wa kale walikuwa na silaha ya hivyo hivyo, vyuma vya ncha nne wanavimwaga njiani vichome kwato za farasi, na jina la kisayansi la mmea, Tribulus, limetoka huko.

Huku Afrika mbigili ni mwenyeji. Marekani ulifika kama mgeni, ukawasumbua mpaka mwaka 1961 wakaleta aina mbili za wadudu, mmoja wa kula mbegu na mwingine wa kutoboa shina.

Wewe usihangaike na fyekeo, linapita juu yake. Tafuta katikati pale matawi yanapokutana, kuna mzizi mmoja, ukate chini kidogo ya udongo kabla ua halijawa tunda. Ukichelewa ndo basi, maana kila kipande kina mbegu zaidi ya moja na hazioti zote pamoja, moja inatangulia, zingine zinalala hata miaka. Mimi nikishang'oa napita pale na ndala kuukuu nakanyaga kanyaga, zilizobaki zinanasa kwenye soli, nazibandua na bisibisi.