Je, wajua kwa nini Scientology humwona daktari wa akili kuwa adui?

Nyumba nyingi za Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Likoni, zinaijua njia hii: kijana akianza kukesha na kusema peke yake, kwanza huitwa ustadhi amsomee, aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akanyweshwa kombe hilo, asipotulia, hupelekwa Port Reitz, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Wapo wanaotumia vyote viwili, vidonge asubuhi na kombe jioni, wala hawaoni kwamba kimoja kinakikanusha kingine. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, inashangaza kusikia kwamba ipo dini, Scientology iliyozaliwa Marekani, ambayo humkataza muumini wake asimkaribie kabisa daktari wa akili.

Chanzo chake ni kitabu. Mei 1950, Mmarekani L. Ron Hubbard, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuandika hadithi za kubuni, alichapisha Dianetics, akadai kuwa amegundua sayansi mpya ya akili. Alifundisha kwamba akili ina upande usiofikiri, ambao huhifadhi kila tukio la maumivu na la kuzirai, na kwamba kumbukumbu hizo, alizoziita engramu, ndizo zinazozaa hofu, huzuni na hata maradhi mengi ya mwili. Katika tiba yake, muumini hushika mikebe miwili ya chuma iliyofungwa nyaya kwenye kifaa kinachopitisha umeme mdogo mwilini, naye msimamizi humuuliza tena na tena juu ya tukio la maumivu huku jicho likiwa kwenye mshale wa kifaa unaochezacheza, mpaka tukio lenyewe lipoteze uchungu wake.

Hubbard, basi, alianza na tiba kabla ya ibada, na tiba hiyo ilimlenga mgonjwa yule yule wa daktari wa akili. Wataalamu hawakumpokea: Septemba mwaka huo huo chama cha wanasaikolojia wa Marekani kiliwaasa wanachama wake wasitumie mbinu zake kutibu watu hadi zithibitishwe. Kanisa lenyewe la Scientology lilikuja baadaye, mwaka 1954, uhasama ukiwa umekwisha kuota mizizi. (Tena mwaka 1947 Hubbard mwenyewe aliiandikia idara ya serikali inayohudumia askari wastaafu, akiomba atibiwe akili.)

Hata hivyo, si haki kusema kwamba uhasama huo ulijengwa juu ya wivu mtupu. Zama hizo tiba ya akili ilikuwa na mambo ya kutisha. Mwaka 1949 Egas Moniz wa Ureno alipewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo, ambao uliwaacha wagonjwa wengi wakiwa mabubu wa hisia. Katika hospitali ya Chelmsford, Sydney, wagonjwa walilazwa usingizi wa dawa kwa siku nyingi mfululizo, na zaidi ya 20 wakafa. Miongoni mwa waliopiga kelele hadi serikali ikaunda tume ya uchunguzi ni shirika ambalo Scientology ililianzisha mwaka 1969 pamoja na Thomas Szasz, ambaye hakuwa muumini bali daktari wa akili aliyekana kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria ilivyo.

Penye hoja hiyo ya kweli ndipo dini hii, kwa maoni yangu, ilipopitiliza. Iliacha kukemea tiba mbaya, ikailaani taaluma nzima, hadi ikafungua Hollywood jumba la maonyesho linaloiita tiba ya akili biashara ya kifo. Na mwaka 2005 muumini wake mashuhuri, Tom Cruise, alimshutumu kwenye televisheni mwigizaji Brooke Shields kwa kumeza dawa za mfadhaiko baada ya kujifungua.

Ustadhi wa Mombasa naye huamini kwamba maradhi mengine ni ya pepo, lakini hajawahi kudai kwamba sahani yake ya zafarani ni sayansi. Ndiyo maana akiona kisomo hakikufaa, yeye mwenyewe huweza kuwaambia jamaa: huyu mpelekeni hospitali.