Nyoka Adimu Arudishwe Msituni? Maswali ya Kuulizwa Kabla Sanduku Halijafunguliwa

Mtu akisema kwamba nyoka fulani yuko hatarini kutoweka, wakazi wengi wa Malindi, Gede na Watamu hucheka, kwa kuwa kwao nyoka si kiumbe wa kutafutwa: yumo kwenye lundo la makumbi, yumo kwenye paa la makuti, na mvua zikianza huenda akaingia hata jikoni. Kicheko hicho kina haki yake, ila kinachanganya mambo mawili. Nyoka wanaoonekana mara kwa mara karibu na nyumba ni wa aina chache zinazostahimili mashamba na makazi ya watu, kama vile moma, swila, na yule nyoka wa kijani mwenye sumu kali apendaye miembe na mikorosho. Ziko aina nyingine ambazo mkulima anaweza kuzeeka bila kuziona, kwa sababu maisha yao yanategemea msitu wa pwani, na msitu huo leo umebaki vipande vipande.

Mfano wa karibu ni nyoka mdogo ambaye wataalamu humwita Aparallactus turneri. Alielezwa kisayansi mwaka 1935, anajulikana kutoka pwani ya Kenya, na vitabu vya nyoka vya wageni humtaja kwa jina la Malindi, ingawa Wamalindi wenyewe hawajapata kumsikia. Ni mwembamba, hana madhara kwa binadamu, na chakula chake ni tandu. Nyoka wa jamii yake humkamata tandu katikati ya mwili, akaanza kumtafuna akipanda na kushuka bila kumwachia, huku tandu akijipinda na kujaribu kumuuma, mpaka sumu ya meno ya nyuma ya nyoka imlegeze. Ndipo humgeuza na kummeza kuanzia kichwani. Yote hayo hutokea chini ya majani makavu na magogo yaliyooza, mahali ambapo mtu hupita juu yake asijue kuna nini.

Nimeanza na huyu kwa makusudi. Mjadala wa kurudisha nyoka adimu porini huzuka kila mara uhifadhi unapotajwa, na kwa kawaida watu hugawanyika upesi: upande mmoja husema kila kiumbe kina haki ya kurudi kwao, upande wa pili husema nyoka ni nyoka na asiyekuwepo hakumbukwi. Kwa maoni yangu pande zote mbili huanzia mwisho. Kufungua sanduku na kumwachilia mnyama ndiyo hatua ya mwisho ya kazi ndefu, na swali la kwanza ni nini kilichomwondoa. Miongozo ya kimataifa ya urejeshaji wa wanyama iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, mwaka 2013 inasisitiza jambo hilo hilo, kwamba sababu ya mnyama kupungua ijulikane na iondolewe kabla hajarudishwa. Kama Aparallactus turneri anapungua kwa sababu majani yanachomwa na magogo yanabebwa kuwa makaa, basi kumzalisha kwenye vizimba na kumrudisha mahali pale pale ni kumpeleka kufa kwa gharama kubwa.

Kisiwa cha Antigua, katika bahari ya Karibi, kinaonyesha jinsi kazi hii inavyofanikiwa. Huko aliishi nyoka asiye na sumu ya kumdhuru mtu, Alsophis antiguae, ambaye alikuwa wa kawaida mpaka wenye mashamba ya miwa walipoleta nguchiro mwishoni mwa karne ya 19 ili wale panya. Nguchiro huwinda mchana, panya hutembea usiku, na nyoka yule naye alikuwa wa mchana. Matokeo yake panya walibaki na nyoka akatoweka kisiwani. Mwaka 1995 watafiti walikadiria kwamba wamesalia nyoka wapatao 50 tu, wote kwenye kisiwa kidogo cha Great Bird Island chenye eneo lisilofika hekta 10, na wengi walikuwa na makovu na mikia iliyokatwa kwa kuumwa na panya. Wahusika hawakuanza kwa kuzalisha nyoka. Walianza kwa kuwaua panya wote wa kisiwa hicho, kisha wakasafisha visiwa vya jirani, na baada ya hapo ndipo walipowahamishia nyoka Rabbit Island mwaka 1999, Green Island mwaka 2001 na York Island mwaka 2008. Leo idadi yao imepita 1,000. Sehemu kubwa ya ushindi huo ilipatikana kabla nyoka hata mmoja hajahamishwa.

Hata hivyo, nyoka wa Antigua hamtishi mtu. Mjadala hubadilika kabisa anapokuwa nyoka wa sumu, na kwa hilo tuangalie jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Huko wamebaki takriban nyoka 200 wa aina ya Crotalus horridus, ambaye mkia wake hulia kama kayamba anapoonya. Mwaka 2016 idara ya wanyamapori ya jimbo hilo ilipendekeza kuwalea makinda katika bustani ya wanyama mpaka wakue kidogo, kisha kuwaachilia kwenye kisiwa cha Mount Zion, kilichomo ndani ya bwawa la Quabbin na ambacho umma hauruhusiwi kukifikia. Bwawa lenyewe lina historia chungu, kwani lilijengwa miaka ya 1930 kwa kuzamisha miji minne ili jiji la Boston lipate maji. Wakazi wa vijiji vya jirani walipinga kwa nguvu. Walisema nyoka anajua kuogelea, na kwamba akivuka ng'ambo sheria inayomlinda itatumiwa kufunga njia zao za matembezi na sehemu zao za kuvulia samaki. Wataalamu wakajibu kwamba nyoka wa aina hiyo hawezi kumaliza baridi ya huko bila shimo refu la kujificha, hivyo atakayetoroka kisiwani huenda akafa kabla ya masika. Jibu hilo ni sahihi kitaalamu, lakini halikumtuliza mtu. Mwaka 2017 mpango ulisimamishwa.

Wako wenzangu wanaouchukulia mkasa huo kuwa ushindi wa hofu dhidi ya elimu. Mimi sikubaliani nao. Watu ambao wazee wao waliwahi kuhamishwa ili mji wa mbali upate maji wana sababu ya kutoamini ofisi inayowaambia watulie, na maelezo juu ya tabia za nyoka hayawezi kujibu malalamiko yanayohusu ardhi na heshima. Nasi huku vijiji vinavyopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, vina kumbukumbu zao za mipaka na makatazo, ya kuni na ya kuwinda, na za ndovu walioharibu mahindi. Msitu huo unasimamiwa kwa pamoja na taasisi nne za serikali, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Shirika la Huduma za Misitu, Makavazi ya Taifa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, na mradi wowote wa nyoka ungepitia huko. Ningependa baraza la kijiji liwe la kwanza kuulizwa, si la mwisho kuarifiwa.

Tofauti nyingine kati yetu na Massachusetts ni hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Mwaka 2017 liliyaweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kufikia 2030. Wengi wa hao wanaokufa ni watu wa vijijini, mbali na dawa. Dawa ya sumu ya nyoka kutoka Afrika Kusini, inayotibu sumu ya aina nyingi za nyoka wetu, ni ya maji na hutaka jokofu wakati wote, na chupa moja mara nyingi haimtoshi mgonjwa. Zahanati ambayo umeme wake hukatika haiwezi kuitunza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwenye kuishi saa mbili kwa bodaboda kutoka kwenye jokofu hilo ana haki ya kushtuka hata kabla hajaumwa. Kwa hiyo msimamo wangu juu ya nyoka wa sumu ni mgumu: asirudishwe mahali ambapo dawa haifiki, hata kama msitu umekwisha kuwa tayari kumpokea.

Liko pia suala la kumjua unayemrudisha, ambalo watu wengi hulipita haraka. Mwaka 1980 James Ashe na mkewe Sanda walianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Kwa miaka mingi swila mkubwa wa pwani, atemaye sumu, alihesabiwa kuwa ni rangi tofauti tu ya swila mwingine anayeitwa Naja nigricollis. Ilipofika mwaka 2007 ndipo alipotambuliwa rasmi kuwa ni aina ya pekee, akapewa jina la Naja ashei kwa heshima ya Ashe, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Ikiwa nyoka anayeweza kupita mita mbili, anayeingia mabandani mwa kuku na kufahamika na kila mwenye shamba, aliweza kukaa muda wote huo bila kutambuliwa, basi hawa wadogo wa chini ya majani tunawajua kidogo zaidi. Anayechukua nyoka wa msitu mmoja na kuwapeleka msitu mwingine kwa kuona kwamba wanafanana anaweza kuchanganya aina mbili, au kupeleka ugonjwa wa kuvu kwa nyoka waliokuwa salama.

Hapo ndipo ninapolazimika kugusia desturi yetu wenyewe ya kuokoa nyoka. Kijana hodari hukamata nyoka shambani, akamtia ndani ya gunia, akaenda kumwachilia mbali, na kila mtu humpongeza. Nia ni njema. Lakini nyoka ana ramani yake: anajua shimo la kujificha, njia ya maji, na mahali pa kuota jua. Utafiti uliofanywa Pennsylvania, Marekani, kwa nyoka wale wale wa mkia wa kayamba ulionyesha kwamba waliohamishiwa msitu mgeni walitangatanga mbali zaidi na kufa kwa wingi kuliko wenyeji. Wanyama wengine nao hawako salama. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishiwa hifadhi ya Tsavo Mashariki, ambako maji yalikuwa na chumvi nyingi, na wote wakafa. Nyoka aliyekamatwa apelekwe na mtu mwenye kibali, karibu na alipotolewa kadiri usalama unavyoruhusu, si kutupwa msitu wowote wenye miti.

Mfano wa mwisho ni wa jimbo la Alabama, Marekani, na naupenda kwa sababu hauna haraka. Nyoka mkubwa mweusi, Drymarchon couperi, asiye na sumu na ambaye hula hata nyoka wenye sumu, alikuwa ametoweka katika jimbo hilo kwa miongo kadhaa. Kuanzia mwaka 2010 wataalamu walianza kuwaachilia kwenye msitu wa Conecuh nyoka waliolelewa mpaka wakawa wakubwa kiasi cha kutoliwa ovyo. Kila mmoja wa kundi la kwanza alipasuliwa kidogo akawekewa chini ya ngozi kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, na watu wakawa wanamfuata msituni na antena mkononi ili wajue alilala wapi, alikula wapi, na kama alikufa, alikufa kwa nini. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa msituni humo alipatikana mwaka 2020, miaka kumi baadaye.

Miradi mingi inayofika huku kwetu hufadhiliwa kwa miaka mitatu. Kwa muda huo, hata nyoka walioachiliwa wakiwa wazima huenda hawajazaa, na hakuna awezaye kusema kama wamekaa au wanamalizika mmoja mmoja. Basi atakayekuja barazani Gede au Malindi na mpango wa kurudisha nyoka, aulizwe kwanza ni nini kilichomwondoa na kama kimeondoka. Aulizwe dawa iko zahanati gani. Kisha aulizwe, kuanzia mwaka wa nne, ni nani atakayelipwa kutembea msituni na ile antena.