DNA si ngazi ya chuma: dhana potofu kuhusu msokoto wake

Aliyewahi kusokota kamba ya makumbi ameshaelewa nusu ya habari hii. Kamba ikishakolea, ukizidi kuisokota huku ncha zimeshikwa, hufika mahali ikagoma, kisha ikaanza kujikunja yenyewe vifundo vifundo. DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi ndani ya seli, nayo ni nyuzi mbili zilizosokotana, na tabia yake ni hiyohiyo. Ila picha za vitabuni zimetuzoesha kuiona kama ngazi ya chuma iliyopindwa kiwandani ikaachwa hivyo.

Dhana: Msokoto wa DNA ni mmoja, haubadiliki

Modeli ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953, iliyoegemea sana vipimo vya eksirei vya Rosalind Franklin, ilikuwa na jozi 10 za besi, yaani zile herufi A, T, C na G zinazounganisha nyuzi mbili, kwa kila mzunguko. Namba hiyo inakaririwa mashuleni hadi leo. DNA ikiwa majini, hali iliyo karibu zaidi na ya ndani ya seli, hesabu ni kama 10.5, tena huo ni wastani tu. Molekuli za maji huigonga bila kupumzika. Kila jozi, ambayo kwa kawaida hupishana na jirani yake kwa digrii 34 hivi, huyumba digrii kadhaa huku na huku. Mpangilio wa herufi nao una lake: pale T inapofuatwa na A, uzi hulegea upesi kuliko kwingi.

Dhana: DNA inaponakiliwa hufunguka kama zipu

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa inakaribia ukweli halafu inaukosa. Zipu haijasokotwa! Chukua kamba, mwenzako ashike ncha ya mbali, nawe uanze kutenganisha nyuzi zake mbili. Mbele ya vidole vyako msokoto utazidi kubana mpaka nyuzi zikatae kuachana.

Sasa tazama bakteria E. coli. Mtambo wake mmoja wa kunakili hupita takribani jozi 1,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 10.5: ni mizunguko kama 95 ya kufumua kila sekunde, zaidi ya 5,000 kwa dakika, kasi ya injini ya gari iliyokanyagwa mafuta sawasawa. Na DNA yake ni duara, kwa hiyo hakuna hata ncha ya kuachia msokoto utoke.

Kinachoiokoa ni vimeng'enya viitwavyo topoisomerasi. James Wang alieleza cha kwanza mwaka 1971, alichokipata kwenye E. coli hiyohiyo: hukata uzi mmoja, hupunguza msokoto, kisha huunga palipokatwa. Mwaka 1976 Martin Gellert na wenzake wakaeleza jairasi, ambayo ni jasiri zaidi. Hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye mwanya huo, huunga, na kwa kutumia nishati ya seli huupeleka msokoto upande wa kulegea.

Kama umewahi kuandikiwa ciprofloxacin, ile ambayo wengi huiita sipro, dawa yako ililenga hapa. Huinasa jairasi katikati ya kazi, DNA ikiwa imekatwa na haijaungwa, na bakteria hufa kwa mipasuko yake mwenyewe. Binadamu hatuna jairasi, lakini topoisomerasi tunazo, na dawa iitwayo etoposide hunasa mojawapo kwa mbinu inayofanana. Ndiyo maana hiyo hutolewa kwa wagonjwa wa saratani, wala si kwa maambukizi.

Dhana: DNA iliyojikunja vifundo imeharibika

Sivyo. DNA ya duara ya bakteria wengi ikitolewa kwenye seli hukutwa imepunguziwa msokoto kwa takribani asilimia 6, na upungufu huo ndio unaoifanya ijiviringe. Seli inafaidika mara mbili: uzi mrefu unaenea mahali padogo, na nyuzi zilizolegea hufunguka kwa urahisi jeni inapotaka kusomwa. Kwetu sisi DNA huzungushwa kwenye protini za histoni, jozi kama 147 kwa kila kibunda, kuelekea kushoto. Hata kusoma jeni kwenyewe huvuruga msokoto, kwa maana mtambo unaoisoma hubana mbele na kulegeza nyuma.

Dhana: Ukiivuta, msokoto hufumuka

Hata wanafizikia walitarajia hivyo. Vipimo vya molekuli mojamoja vilivyotolewa mwaka 2006 vilionyesha kinyume: ukiivuta kwa nguvu ndogo, DNA husokotana zaidi. Ni ukipita kama pikonyutoni 30 (kipimo cha nguvu ndogo mno) ndipo inapoanza kufumuka.

Dhana: DNA huzunguka kulia tu

Ile ya kawaida, ndiyo. Lakini mwaka 1979 kundi la Alexander Rich lilionyesha fuwele ya Z-DNA, inayozunguka kushoto, jozi 12 kwa mzunguko, na mtindo huo hupenda kujitokeza pale DNA ilipolegezwa sana. Hiyo haiwatetei wachoraji wa mabango na nembo wanaoichora ikienda kushoto, kwani uti wa Z-DNA hupinda zigizaga na wao huchora mkunjo laini. Wala kugeuza bango juu chini hakusaidii. Msokoto wa kushoto utabaki wa kushoto, mpaka uutazame kwenye kioo.