Mti wa Monte Carlo: kompyuta inavyochagua kete ya kucheza

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, mchezaji bao stadi hupima mtaji, yaani mwendo wa kula kete za mpinzani, kwa macho: anajua kete zitalala wapi kabla hajazinyanyua. Kompyuta haina jicho hilo. Mti wa Monte Carlo ni njia ya akili unde inayoiwezesha kuchagua mwendo mzuri bila kufundishwa uzuri ni upi. Inahitaji kujua mambo mawili tu: sheria za mchezo, na nani kashinda mwishoni. Jina limetoka Monte Carlo, kule Monaco kwenye majumba ya kamari, kwa kuwa kiini chake ni kubahatisha mara nyingi na kuhesabu matokeo.

Zamani watafiti waliandika kanuni za kupima ubao: kipande hiki kina thamani kadhaa, nafasi ile ni hatari. Kwa sataranji ilifaa, na mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ikamshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Mchezo wa go, wa kupanga mawe ubaoni kutoka China, ulikataa. Ubao wake wa 19 kwa 19 una nafasi 361 za kufungulia, wala hakuna aliyeweza kuandika kanuni nzuri ya kuupima. Njia ya Monte Carlo ilipata umbo lake mwaka 2006, kwa kazi ya watafiti Rémi Coulom, na Kocsis na Szepesvári.

Kazi huenda kwa mizunguko, maelfu kwa kila zamu. Programu hushuka kwenye mti wa miendo, ambao kila tawi lake ni mwendo mmoja, hadi ifike pasipojaribiwa, ikaongeza tawi moja, ikaucheza mchezo kwa kubahatisha mpaka mwisho, kisha ikarudi juu ikiandika matokeo katika kila tawi ililopitia. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi hukosea: ushindi wangu ni kushindwa kwako, kwa hiyo alama sharti zigeuzwe kila ngazi. Ukisahau, programu itamchagulia mpinzani miendo ya kijinga na kudhani imeshinda.

Je, inashuka tawi lipi? Huchukua wastani wa ushindi wa tawi, ikajumlisha nyongeza ya udadisi: 1.41 mara kipeuo cha pili cha logi asilia ya majaribio yote ikigawanywa kwa majaribio ya tawi hilo. Tuseme mwendo wa kwanza umeshinda 60 kati ya 100, wa pili 5 kati ya 10. Wa kwanza unapata takriban 0.91, wa pili 1.47. Unajaribiwa wa pili, ingawa wastani wake ni mdogo, kwa sababu bado haujulikani vya kutosha. Namba 1.41 si amri. Ikizidi, programu hutangatanga. Ikipungua, hung'ang'ania bahati ya mwanzo.

Bao letu ni mtihani mzuri wa njia hii: mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji huanza namua, awamu ya kuingiza kete ubaoni moja moja, akiwa na 22 mkononi. Kula ni lazima. Kwa hiyo programu itafute kwanza miendo ya kula, na ikikosa ndipo itakase, yaani isambaze kete bila kula. Ukiliacha hilo, mti utajifunza mchezo mwingine kabisa. Tena, kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, huenda akawa na hiari ya kulala (kuishia hapo) au kusafiri (kuzisambaza kete zake), basi mwendo uandikwe pamoja na upande na uamuzi huo. Na kwa kuwa kete zaweza kuzunguka muda mrefu sana, weka kikomo cha hatua, la sivyo jaribio moja litaikwamisha programu nzima.

Udhaifu wake mkubwa ni mtego mwembamba. Mpinzani akiwa na jibu moja tu la kukumaliza kati ya ishirini, kubahatisha hulikosa mara nyingi, na mwendo mbaya huonekana salama. AlphaGo, programu ya go iliyomshinda bingwa Lee Sedol 4 kwa 1 mwaka 2016, ilipunguza tatizo hilo kwa kutumia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, kupendekeza miendo na kupima ubao.

Muda ukiisha, chagua tawi lililojaribiwa mara nyingi zaidi. Lenye wastani wa juu laweza kuwa limejaribiwa mara tatu tu, na likashinda zote kwa bahati.