Ditekta Katika Mashamba Yaliyovunwa Moshi: Dhana Potofu na Ukweli

Mahindi yakishavunwa katika tambarare za Kahe na Himo, huzuka tena habari za mali iliyofukiwa na Wajerumani, na wapo wanaoamini kwamba ditekta, yaani mashine ya kutambua metali, itaiona hata ikiwa mita nne chini. Ukweli ni kwamba ishara hufifia upesi ardhini, na sarafu moja kwa kawaida haisikiki ikizidi sentimita 30. Shamba lililovunwa hufaa kwa sababu nyingine: mabua yakishaliwa na ng'ombe, koili, yaani sahani ya duara iliyo mwisho wa fimbo ya mashine, hupita karibu kabisa na udongo ambao plau imekwisha kuugeuza.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba mashine ikilia, pana mali. Udongo wetu ni wa volkano na una chembechembe za chuma. Buruta sumaku ya spika mbovu kwenye mchanga mweusi wa korongo, uone vumbi linavyoning'inia kama manyoya. Mashine isiyosawazishwa kwanza na udongo wa namna hiyo, yaani isiyorekebishwa ili iupuuze, hulia ovyo, na pengine hunyamaza juu ya sarafu halisi. Hata mlio ukiwa wa kweli, utafukua kisoda, kipande cha jembe, kisha kisoda kingine.

Wanaotaka kuipeleka mashine hiyo Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, wajue kwamba kito hicho si metali, kwa hiyo hakitasikika kamwe.

Kuhusu rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi ya ukoloni wake, inadaiwa kwamba ile ya kweli huvuta punje za mchele. Rupia moja ni sarafu ya madini ya fedha (silva) yenye uzito wa gramu 11.66, na madini hayo hayavuti chochote. Bei yake hutegemea madini hayo, mwaka wake na hali yake, na anayeisugua kwa ndimu na mchanga huishusha mwenyewe.

Wengine husema shamba ni lao, basi kilichomo ni chao. Madini ni mali ya Jamhuri, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, hivyo kuvichimbua kunahitaji kibali. Tena Kahe ilipiganiwa Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: ukikutana na kitu chenye umbo la kombora, hata kama kimeliwa na kutu, usikigonge wala usikibebe, weka alama kwa mbali, kisha uwaite polisi.