Safari binafsi juu ya ncha za Dunia: leseni humlinda nani?

Tangu Fram2, safari binafsi ya anga za juu iliyopita juu ya ncha za Dunia, maswali mengi tunayoulizwa yanabeba dhana moja: kwamba mtu akishalipa kwa fedha zake, huko juu hana wa kumuuliza. Dhana hiyo si sahihi hata kidogo.

Safari hiyo iligharamiwa na kuongozwa na mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, Chun Wang, akiwa na Jannicke Mikkelsen wa Norwei, Rabea Rogge wa Ujerumani na Eric Philips wa Australia. Waliondoka Florida usiku wa 31 Machi 2025, wakatua katika Bahari ya Pasifiki karibu na California 4 Aprili. Walikuwa binadamu wa kwanza kuizunguka Dunia wakiwa katika chombo cha anga za juu kwa kupita juu ya ncha zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, na kutoka ncha moja hadi nyingine walitumia dakika 46 hivi.

Wapo wanaosisitiza kuwa njia hiyo ilikuwa imepigwa marufuku. Hakuna aliyeipiga marufuku; haikutumika kwa sababu nyingine. Roketi inayorushwa Florida kuelekea mashariki husukumwa na mzunguko wa Dunia kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde; ikielekea kusini huukosa msaada huo, nayo hulazimika kuchoma mafuta zaidi. Isitoshe, Kituo cha Kimataifa cha Anga hakipiti juu ya ncha, kwa hiyo wanaokwenda kituoni hawana sababu ya kufuata njia hiyo.

Kuhusu leseni, tafadhali someni kwa utulivu. Kampuni inayorusha chombo kutoka Marekani huomba leseni ya kurusha, na ya kukirejesha, kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA. Hukaguliwa usalama wa umma, athari kwa mazingira na bima ya madhara kwa watu wengine. Anayekiuka masharti anaweza kutozwa faini, na kila siku ambayo kosa linaendelea huhesabiwa kuwa kosa jingine. Mwaka 2024 FAA ilipendekeza kampuni ya roketi ya SpaceX itozwe dola 633,009 kwa madai ya ukiukaji katika safari mbili za roketi za 2023. Tunasema “ilipendekeza” kwa makusudi: pendekezo si uamuzi wa mwisho.

Lakini leseni hiyo humlinda aliye chini, si aliyepanda. Bunge la Marekani limeizuia FAA, kwa sehemu kubwa, kuweka kanuni za usalama wa abiria hadi 1 Januari 2028. Badala yake abiria huelezwa kwa maandishi kwamba serikali haijakithibitisha chombo kuwa ni salama kubeba watu. Hupewa nafasi ya kuuliza maswali kwa mdomo, kisha hutia saini hati inayotaja chombo chenyewe na kueleza kuwa anapanda kwa hiari yake. Hati hiyo isomwe yote. Inatusikitisha kusikia watu wakiiita karatasi ya kawaida.

Mkataba wa Anga wa 1967 unaibebesha serikali dhamana ya shughuli za kampuni zake binafsi, na ule wa 1972, unaohusu dhima ya madhara ya vyombo vya anga, unaitaka nchi iliyorusha kulipa fidia ya madhara yaliyotokea ardhini hata pasipo uzembe. Kipande cha roketi au chombo cha anga kikianguka kwenu msikiguse. Toeni taarifa kwa mamlaka. Madai chini ya mkataba huo huwasilishwa na serikali yenu kwa njia ya kidiplomasia, kwa kawaida ndani ya mwaka 1 tangu madhara yatokee.