Kulifukuza Wazo Baya Hakuliondoi

Kwa miaka mingi, watu wenye ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia wameshauriwa kulifukuza kila wazo linalowatisha, hata kwa kujichapa kwa ukanda wa mpira waliouvaa mkononi. Ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, huwaumiza. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe. Hawakuweza, na waliporuhusiwa baadaye walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo.

Mawazo ya ghafla ya kumdhuru mtoto au kukufuru huwajia hata wasio wagonjwa, wala si dalili ya nia mbaya. Mgonjwa huyapa uzito mno, kisha hujituliza kwa kukagua, kunawa, kurudia dua kimoyomoyo au kuomba kuhakikishiwa, na nafuu hiyo fupi ndiyo inayoulisha ugonjwa. Kwa hiyo tiba ambayo mwanasaikolojia Victor Meyer aliielezea mwaka 1966 nchini Uingereza, na ambayo leo ina ushahidi mwingi, humwongoza akabili hatua kwa hatua kinachomtisha huku akijizuia kujituliza. Kazi hiyo ni ngumu, na mgonjwa hapaswi kulazimishwa: yeye na mtaalamu hupanga pamoja pa kuanzia.